Mashua Iliyobembea Polepole

Siku Ambroise alipoondoka, alirudi nyumbani mara mbili kutoka bandarini. Mara ya kwanza alikuwa amesahau koti la mvua. Mara ya pili hakuwa amesahau kitu. Alisimama tu mlangoni, mkono juu ya mwimo, akimtazama mke wake, Fortunée, aliyekuwa ameinamia karatasi zake mezani.

"Baleinière imejaa mpaka juu ya paa," alisema. "Chumvi, bia, magodoro, batu juu ya magodoro. Lakini inalala kama mutoto. Nimeisukuma na muguu, inabembea pole, pole. Leo ni safari ya bakubwa."

Alicheka, akaenda. Alikuwa nahodha wa baleinière, zile mashua ndefu za mbao zenye mota zinazoshuka mto kuelekea Isangi, na alipenda kuondoka na neno la kuchekesha.

Fortunée aliandika mstari mmoja zaidi. Kisha lile neno "pole" likamrudia, akaiacha kalamu. Alivaa kandambili, akakimbia kupitia mashamba ya Lubunga mpaka ukingoni. Baleinière ilikuwa imeshafika katikati ya mto. Abiria waliokaa juu ya paa walimpungia mikono, wakidhani anaaga.

Jioni ileile, walipopita kijiji cha Yanonge, upepo ulikuja kutoka upande. Mashua iliinama taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini, na haikurudi.

*

Walimzika Ambroise hukohuko Lubunga. Turubai lilifungwa uani kwa mama yake, viti vya plastiki vikakodiwa, na Fortunée akakalishwa juu ya mkeka, kichwa kimenyolewa, nguo nyeusi.

Katika ukoo wa Ambroise, mjane hana sauti mpaka matanga yatolewe, baada ya mwaka mzima. Haimaanishi kwamba hana la kusema. Anamnong'oneza dada wa marehemu, na yule dada ndiye anayelitoa mbele ya watu. Wanamwita mdomo wa mjane. Sheria yake ni moja: mdomo hauongezi neno. Ukiongeza, kazi yako imekwisha, na hakuna mwingine anayewekwa.

Mdomo wa Fortunée alikuwa Chimène, mdogo wake Ambroise, msichana wa miaka ishirini aliyemaliza sekondari na sasa akiuza samaki wa moshi. Siku za kwanza kazi ilikuwa rahisi. Maji. Nimeshiba. Asanteni kwa kuja.

Kisha mashangazi wakaanza.

"Kila siku alikuwa anachora mashua zinazama," alisema mmoja, akipepeta mchele na bila kupunguza sauti. "Mashua ikazama. Munataka mutu aongeze nini?"

"Hata nyumbani alikuwa nayo ndogo, ya mbao," alisema mwingine. "Anaiweka ndani ya beseni, anaipakia mawe, anaipindua. Mbele ya bwana yake!"

Ilikuwa kweli. Ambroise mwenyewe ndiye aliyeichonga mashua ile ndogo, kwa ajili ya masomo ya mke wake. Jioni walikaa wote wawili karibu na beseni, yeye akisukuma, Fortunée akitazama saa. Lakini hayo hayakusemwa. Tonton Timothée, mkubwa wa ukoo, aliingia chumbani, akaitoa ile mashua na kuitia kwenye moto uliokuwa ukipikia maharage ya wageni. Aliipiga mateke kidogo ili iingie vizuri.

Fortunée aliinama kwenye sikio la Chimène. Chimène alisikiliza, akasita, kisha akasema:

"Mujane anasema, asante kwa kuni."

Mashangazi walitazama mchele wao.

*

Profesa Ruphin alikuja kutoa pole siku ya Jumamosi, suruali imelowa mpaka magotini kwa sababu ya mtumbwi. Ndiye aliyekuwa akiongoza kazi ya Fortunée katika hisabati tumizi, ng'ambo ya pili, kwenye kitivo cha sayansi. Alipewa kiti kilichopasuka mguu, akakaa juu yake kwa uangalifu mkubwa.

Alieleza alichokuja kukieleza. Alhamisi kutakuwa na siku ya semina. Asubuhi, watu waliosoma zamani watawaeleza wanafunzi njia za kazi. Mchana, wanafunzi watatoa mada zao mbele ya jopo, na jopo litachagua wawili tu wa kuendelea na udaktari kwa bourse, pesa za kulipia masomo. Jina la Fortunée lipo kwenye programu. Asiyetoa mada anatolewa, na nafasi nyingine haijulikani itakuja lini.

Tonton Timothée alisikiliza akiwa amefumba macho. Alikuwa karani mstaafu wa reli, na alipenda kuuliza maswali ambayo jibu lake alikuwa nalo tayari.

"Prof, pardon. Hii hesabu inakulishaka?"

"Inanilisha, papa. Mushahara ikifika."

"Na ikikawia?"

Profesa alitabasamu kwa aibu. "Madame iko na shamba ya muhogo."

"Donc muhogo njo inakulisha. Haiko hesabu."

Wanaume wote walicheka, na profesa akacheka nao, kwa kuwa alikuwa mgeni na kiti chake kilikuwa kinayumba.

"Mi nimeshamutafutia kazi," Timothée aliendelea. "Kule marché central, kwa mufanyabiashara mumoja wa Butembo, depo ya unga na mafuta. Anataka mutu wa kuhesabu magunia. Yeye alisoma kuhesabu, ahesabu. Ataanza Jumatatu. Mushahara wake itasaidia mambo ya matanga, maana bia ya hawa bote, nani analipa?"

Fortunée alinong'ona. Chimène akasema: "Mujane anauliza, tonton, si yeye iko na matanga? Atavuka mto namna gani?"

"Kuvuka haikatazwe. Kazi haikatazwe. Magunia haiongee, hakuna mutu atamujibisha kule. Sheria inakataza mujane kusema mbele ya batu. Ile tu."

Alitambua alichosema kabla hajamaliza kukisema, lakini Chimène alikuwa tayari amegeuka kumtazama wifi yake. Fortunée hakunong'ona kitu. Alimtazama tu. Na Chimène, akichunga sana asiongeze neno la mjane, alisema neno lake mwenyewe:

"Bon. Sasa hii ni mimi Chimène nasema, haiko mujane. Kama kuvuka haikatazwe, jeudi tunavuka. Yeye atanong'ona. Mi nitasema."

"We utasema nini? Hesabu?" Timothée aliuliza. "We, wa samaki?"

"Nitasema yenye ataniambia. Njo kazi yenye mulinipatia."

Zogo lilizuka. Mashangazi walisema kwamba kwenda kuongelea mashua mbele ya watu ni kumzamisha marehemu mara ya pili. Timothée alipiga mguu chini, akasema hajaona ukoo ukitukanwa namna hii, na hasa mbele ya profesa.

Mama Germaine, mama wa marehemu, hakuwa amesema kitu tangu mazishi. Alikuwa amekaa karibu na nguzo ya turubai akichambua sombe, majani ya muhogo, na aliendelea kuchambua alipouliza.

"Fortu. Kule bandarini banasema mutoto yangu alikuwa amekunywa. Bengine banasema alilala. Ile masomo yako, inasema nini?"

Mnong'ono ulikuwa mrefu safari hii. Chimène aliufuata neno kwa neno.

"Mujane anasema, masomo yake haijui Ambroise. Haijui kama alikunywa ao hapana. Inajua mashua. Inasema kama mizigo imepanda juu sana, hata nahodha wa namna gani hawezi kuirudisha. Anasema hataki kukudanganya, mama. Alikunywa chupa moja, saa ya kula."

Mama Germaine aliweka jani moja kwenye sufuria.

"Chupa moja," alisema. "Ndiyo. Baende."

*

Alhamisi walivuka kwa mtumbwi wa kupiga kasia. Fortunée alikaa katikati na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Chimène alikaa mbele yake, akirudia maneno ya Kifaransa midomo ikicheza. Kifaransa chake kilikuwa kile cha shule, kigumu na safi kwa kutotumiwa.

"Kitovu cha uzito," Fortunée alinong'ona.

"Kitovu cha uzito. Ile ni nini, yaya?" Yaya, kwao, ni dada mkubwa.

"Utaiona."

Mlangoni mwa ukumbi, kijana wa mapokezi alitazama vichwa viwili, kimoja kimenyolewa, akanyoosha kidole pembeni. "Bamama ya kupika bapitie nyuma," alisema. Chimène aliitafuta karatasi ya programu, akaweka kidole juu ya jina. Kijana aliomba radhi kwa karatasi, si kwao, akawaonyesha benchi la mwisho.

Asubuhi ilikuwa ya njia za kazi. Mgeni mkubwa alikuwa Carlos, aliyesoma hapohapo miaka ya nyuma na sasa akifanya kazi benki Kinshasa. Alivaa suti ya buluu, na alisema vizuri. Hata waliotaka kumchukia walishindwa. Aliwaambia kwamba dunia haikuombi uthibitisho, inakuomba jibu kabla ya Ijumaa. Benki zinataka watu wa kupima hatari. Makampuni ya simu yanataka watu wa kutabiri. Migodi pia. Aliyebaki na ubao na chaki, alisema, asije akalalamika.

Profesa Ruphin alitazama viatu vyake. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama benki inachukua pia wasichana. Ukumbi ukacheka, na Carlos akasema ndiyo, hasa wanaojua kutabasamu na wateja.

"Yaya," Chimène alinong'ona, safari hii yeye kwa Fortunée, "huyu anakula vizuri, lakini anaogopa kitu."

"Anaogopa kurudi huku," Fortunée alimnong'oneza.

*

Ilipofika zamu yake mchana, Fortunée alitembea mpaka mbele na Chimène nyuma yake. Profesa Ruphin aliliambia jopo, kwa kifupi, kuhusu matanga na kuhusu mdomo wa mjane. Minong'ono ilipita kwenye mabenchi.

"Kwa heshima zote," alisema Carlos, aliyekuwa mmoja wa jopo, "tutampa nani alama? Yule anayejua hasemi, na yule anayesema hajui."

"Kanuni zinasema mtahiniwa atoe mada," alisema Profesa Ruphin. "Hazisemi kwa koo la nani."

Jopo liliulizana kwa macho. Waliruhusu, wakiwa na nyuso za watu wanaotaka kwenda kula.

Fortunée alichora. Alichora mashua kama inavyoonekana ukiikata katikati kama mkate, na maji, na kitone mahali uzito wote unapokutana. Aliandika mlinganyo mmoja chini yake. Halafu akanong'ona, na Chimène akasema kwa Kifaransa chake cha shule:

"Ukiisukuma mashua, inainama na kurudi. Muda wa kurudi unategemea urefu wa kitone hiki. Kikiwa chini, mashua inarudi haraka. Inatikisa, inachosha, abiria wanatapika na kumtukana nahodha. Hiyo ndiyo mashua nzima."

Mwanafunzi mmoja alicheka neno la kutapika, kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

"Kila mzigo unaopakiwa juu ya paa," Chimène aliendelea, akiinama kupokea na kuinuka kutoa, "unapandisha kitone. Kitone kikipanda, muda unarefuka. Mashua inaanza kubembea polepole. Abiria wanaona raha. Wanasema..."

Alisita. Fortunée alikuwa amenong'ona yanayofuata, lakini Chimène hakuyatoa. Alikuwa anatazama mchoro.

"Wanasema imetulia," alisema mwishowe. "Wanasema inalala kama mtoto. Lakini mashua inayobembea pole ni mashua inayosahau kurudi. Kitone kikipanda kidogo tu zaidi, muda wa kurudi hauna mwisho."

Fortunée alionyesha mlinganyo, mahali namba ya chini inapoelekea sifuri. Aliendelea hivyo, chaki na mnong'ono: vipimo alivyochukua bandarini kwa ruhusa ya manahodha, na njia aliyoipendekeza, ambayo haikuhitaji mashine. Mtu anasimama ukingoni, anaisukuma mashua kabla ya safari, anahesabu mpaka irudi. Ikipita kiasi, mizigo inashushwa.

Carlos aliinua mkono. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama watu wa kazi yake wanavyouliza.

"Nimesikia juu ya ajali ya mwezi uliopita. Poleni. Lakini pale nasikia nahodha alikuwa amelewa. Kielelezo chako kinatenganisha vipi kosa la mtu na kosa la mzigo? Kama hakitenganishi, basi hatari bado ni mtu. Mwondoe mlevi, tatizo limekwisha. Au sivyo?"

Fortunée alifunga macho kidogo, akaanza kuinama kwenye sikio la Chimène. Hakufika. Chimène alikuwa ameshaanza, na Kifaransa kilikuwa kimemtoka.

"Ile mashua mi niliipanda," alisema. "Wiki moja kabla ya ile ajali. Nilikuwa natoka Yanonge na samaki. Tulikuwa bengi juu, hata pa kuweka muguu hapana. Na nililala. Munasikia? Nililala vizuri juu ya samaki yangu. Bamama bote balikuwa banasema, leo mashua iko muzuri, haitikisi. Tulimupigia Ambroise makofi. Haiko yeye alilala. Ni sisi bote tulilala. Na kama angekuwa padri mwenye hajawahi kuonja pombe, ile kitu ingepinduka na padri ndani."

Aliweka mkono juu ya mdomo wake. Aligeuka kwa Fortunée, macho yamejaa.

"Yaya. Nimeongeza."

Sheria ilikuwa wazi. Mdomo ulioongeza umekwisha kazi, na hakuna mwingine. Wengi ukumbini walitoka kwenye koo zenye sheria kama hizo, na hata wasiozijua walielewa kutokana na namna yule msichana alivyorudi nyuma hatua moja na kuiinamisha shingo.

Carlos alikunja karatasi yake. "Labda tuishie hapa," alisema kwa upole.

"Hapana," alisema Fortunée.

Sauti ilitoka na mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka. Alikohoa, akaanza upya.

"Umeuliza swali. Ngoja nilijibu. Kielelezo kinatenganisha. Hapa," na chaki ikagonga ubao, "ni pembe ambayo mashua bado inaweza kurudi. Mtu aliye macho anarekebisha mwelekeo kwa muda fulani. Mlevi anachelewa, tumpe muda mara tatu zaidi. Kwa mashua iliyopakiwa vizuri, wote wawili, aliye macho na mlevi, wanafika Isangi; mlevi anafika akitukanwa. Kwa mashua iliyopakiwa mpaka juu ya paa, wote wawili wanazama. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko kosa la kipimo changu. Nimeihesabu bila kujua itamhusu nani. Baadaye nimeihesabu tena nikijua. Namba haikubadilika. Umesema benki inapima hatari, monsieur. Ukitaka kuipima hii, usianze na chupa. Anza na paa, na uulize nani analipwa kwa kila mtu anayekaa juu yake."

Aliweka chaki chini. Vidole vyake vilikuwa vyeupe.

"Kuna swali lingine?"

Carlos aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena.

*

Habari zilivuka mto kabla yao. Walipofika uani, Tonton Timothée alikuwa amesimama chini ya turubai na wanaume wengine wawili wa ukoo, na viti vyote vilikuwa vimegeuzwa kuelekea njia.

"Mujane alisema?" aliuliza. Alimwuliza Chimène.

Chimène alifungua kinywa, akakifunga. Hakuwa mdomo tena.

"Nilisema," alijibu Fortunée.

Mashangazi walishika vifua. Timothée alimtazama kama mtu aliyeona mbuzi akifungua mlango.

"Bon. Donc unajua azabu yake. Matanga yako inaanza upya, leo. Mwaka muzima ingine, nyeusi. Na ile depo ya unga, sahau, yule bwana hatataka mutu wa kuleta bahati mubaya ndani ya mali yake."

"Nimekubali, tonton. Nyeusi nitavaa. Ni bwana yangu, nilikuwa bado sijachoka kumulilia. Lakini kunyamaza, hapana. Ile imeisha."

"Nani amesema imeisha?"

"Mi."

Timothée alimgeukia Mama Germaine, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki ya kumfukuza kwenye nyumba. Yule mama alikuwa kwenye nguzo yake. Alimwita Fortunée kwa kidole, akamfanya achuchumae karibu.

"Uliambia bale bakubwa kama alikunywa?"

"Niliwaambia hata kama angekunywa kreti, mama, haikuwa pombe."

Mama Germaine aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akamsogezea sufuria na rundo la majani.

"Kaa. Tumalizie sombe. Na we Timothée, ile viti inalipiwa kwa siku. Rudisha yenye hamukalii."

*

Sasa ni msimu wa maji mengi. Jopo lilimchagua Fortunée kuwa wa pili kati ya wawili, na bourse haijaanza kutoka. Anavuka kila asubuhi akiwa na nguo nyeusi, na jioni anafundisha hesabu kwenye shule moja ya Lubunga ili nyumbani wapate kula. Chimène bado anauza samaki wa moshi. Siku za soko anakwenda kwanza kwenye ukingo, anaweka mguu juu ya ubavu wa baleinière, anasukuma, anahesabu kwa sauti watu wote wasikie. Makarani wa mashua wanamtukana. Manahodha wawili wanamngoja amalize kuhesabu kabla ya kuwasha mota. Wengine hawamngoji, na leo asubuhi mashua moja imeshuka kuelekea Isangi watu wakiwa wamekaa juu ya paa.